Fayabe

Dodoso langu lina maswali ishirini na mawili,
limepigwa muhuri Leipzig, limepita kamati ya maadili.
La kwanza: Ukisikia "Mjerumani", unakumbuka nini?
Bi Time Shaame, wa nyumba ya chini,
hakuinua macho kwenye friji yake ya barafu za mabungo.
"Mabomba," akasema. "Andika mabomba.
Ya chuma. Yameanza kuvuja juzi tu,
mwaka aliozaliwa mjukuu wangu wa tatu."

Nikaandika: mabomba.

Mimi nimezaliwa humu, ghorofa ya tatu, Kikwajuni,
katika nyumba tunazoziita za Wajerumani
kama mtu anavyosema jiko la mkaa, msikiti wa Ijumaa,
bila ya kuuliza Mjerumani mwenyewe kaenda wapi.
Nilipopata udhamini, ngazi nzima ilicheka:
"Mwatima! Unakwenda kuusoma Ujerumani,
na ndani yake unalala?"

Kule nilikuta baridi ya kutafuna mifupa
na darasa la watu kumi na wanne
wanaoulizana kila Jumanne, saa nne barabara:
Sisi ni nani?
Ulrike alilia. Nchi aliyozaliwa mama yake
ilifutwa kwenye ramani,
na nyumba haikusogea hata shubiri.
Mwalimu akataka tulete kitu cha kwetu, cha mkononi.
Mmoja alileta kikombe, mwengine barua,
mwengine medali ya babu
iliyokaa miaka ndani ya soksi.
Mimi nilileta komeo la dirisha letu.
(Baba alilibadilisha; likabaki kwenye kopo la misumari.)
Ulrike akaligeuza, akasoma mgongoni
herufi zilizoliwa na chumvi,
akanyamaza.
Halafu: "Hili ni la jikoni kwetu."

Siku ile nilidhani nimeshapata tasnifu.
Sura nne, marejeo,
na hitimisho lililonyooka kama rula.

Sasa niko ngazini na kinasa sauti,
na hitimisho limeanza kupinda.
Mzee Makungu wa bloku ya pili anasema walikuwa wakali.
Mkewe anasema hapana, walikuwa na haya tu,
mmoja alikula shokishoki na maganda yake
kwa kuogopa kuuliza.
Kijana wa ghorofa ya nne anauliza
kama dodoso lina posho.
Swali la kumi na saba:
Je, unajihisi kuwa sehemu ya historia hii?
"Historia?" anasema Bi Time.
"Mimi nilikuwa nikichota maji ya kuchanganyia saruji.
Sikuwa nimevunja ungo bado. Ndoo, ndoo, ndoo.
Mimi nimo ukutani humo.
Unaandika, au huandiki?"

Alasiri. Baina ya bloku watoto wanacheza nage.
Msichana mmoja, kandambili mkononi, pumzi zimemwisha,
anainua mikono juu: "Fayabe!"
Na mpira unasimama. Hakuna wa kumpiga.
Neno hilo nimelisema mara elfu
kabla sijajua kuwa ni neno.
Ndiyo maana jioni ile, maktaba ya Leipzig,
bawabu alipozima taa safu baada ya safu,
akisema kwa uchovu, si kwa mtu yeyote,
Feierabend,
nilishika ukingo wa meza.
Niliona magoti yangu yana vumbi.
Nilingoja mpira usimame.

"Nani aliwafundisha?" namuuliza Bi Time.
"Amfundishe nani nani? Fundi wao akisema hivyo saa kumi,
na sisi tukitua ndoo.
Tulipozaa, watoto wakizidi fujo
tukawaambia vivyo hivyo."

Anafunga friji. Maswali matano yamebaki.
Anayatazama, ananitazama,
anakausha mikono kwenye kanga.

"Fayabe, mwanangu."